Kijachini cha Tasnifu: Ni Kazi ya Nani?

Ni jambo lisilopingika kwamba mwanafunzi wa Kiswahili afikiapo hatua ya kuwasilisha tasnifu huwa amekwisha kupanda milima na kushuka mabonde. Nadharia ameisoma akaielewa, data ameikusanya nyanjani, sura ameziandika na kuziandika upya hadi msimamizi wake akaridhika. Ajabu ni kwamba wengi wa wanafunzi hawa, baada ya kuivuka bahari hiyo yote, hukwama ufuoni. Kinachowakwamisha si hoja wala ushahidi. Ni nambari ndogo iliyo chini ya ukurasa.

Mathalani, mwanafunzi wa uzamili amekamilisha tasnifu ya kurasa 130. Kanuni za chuo chake, kama zilivyo kanuni za vyuo vingi, zinamtaka azipe kurasa tangulizi, yaani ikirari, tabaruku, shukrani, ikisiri na yaliyomo, nambari za Kirumi zenye herufi ndogo. Kisha Sura ya Kwanza ianze na 1 na hesabu iendelee hadi marejeleo na viambatisho. Ukurasa wa anwani huhesabiwa lakini nambari yake haionyeshwi. Kwa anayeisoma tasnifu iliyojalidiwa, haya ni mambo madogo mno. Kwa mwanafunzi aliyeketi mbele ya tarakilishi saa tano za usiku, siku mbili kabla ya tarehe ya kuwasilisha, ni kitendawili kisicho na mteguzi. Akiamuru nambari za Kirumi, tasnifu nzima inakuwa ya Kirumi na Sura ya Kwanza inaangukia ukurasa wa xii. Akizigeuza ziwe za kawaida, ikirari nayo inakuwa ukurasa wa 2. Akifuta nambari katika ukurasa wa anwani, nambari zote 130 zinatoweka kwa pamoja.

Hapo ndipo hila huanza. Wapo wanaoigawa tasnifu katika faili mbili, moja ya Kirumi na nyingine ya kawaida, na kuziunganisha baada ya kuchapishwa kwenye karatasi. Orodha ya yaliyomo huandikwa kwa mkono, na msimamizi akiagiza aya moja iongezwe katika Sura ya Pili, orodha hiyo yote huwa ya uongo kuanzia hapo kwenda chini. Wapo wanaoandika nambari wenyewe mwishoni mwa kila ukurasa, kana kwamba ni sehemu ya matini. Sentensi moja ikiongezwa, 47 inapanda na kukaa katikati ya aya inayozungumzia taswira. Wapo hata waliogundua kwamba kijisanduku cheupe kinaweza kuchorwa juu ya nambari isiyotakikana ili kuifunika. Hila hii ya mwisho inastahili kusifiwa kwa ubunifu wake, ila haifai kwa lolote lingine.

Wengi zaidi hawahangaiki na hila hizo. Huchukua flashi yao na kwenda saiba, wakamkabidhi mpiga chapa kazi ya miaka miwili na kumlipa awawekee nambari. Makala haya hayakusudii kuwabeza wapiga chapa. Wengi wao ni mafundi hodari, na hiyo ndiyo riziki yao. Lakini wahenga walinena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mpiga chapa hurekebisha faili kama ilivyo siku hiyo. Mtahini akitoa masahihisho, faili hiyo itabadilika, nambari zitavurugika tena, na mwanafunzi atarudi saiba kulipa mara ya pili na ya tatu. Fauka ya hayo, faili hubaki katika mashine inayotumiwa na watu wasiojulikana. Pia hupita mikononi mwa mtu ambaye, kwa nia njema kabisa, huenda akaifuata mistari myekundu ya kisahihishi cha Kiingereza na kuyageuza maneno ya Kiswahili yasiyotambuliwa na mashine. Tasnifu ikirejeshwa na kurugenzi ya masomo ya uzamili kwa sababu ya mpangilio, anayekosa mahafali ni mwanafunzi, si aliyemwekea nambari.

Basi hoja ni hii: kuigawa tasnifu katika sehemu na kuipa kila sehemu kijachini chake ni kazi ya mwandishi, na idara za Kiswahili zinapaswa kuifundisha, tena kwa Kiswahili.

Kabla ya kuitetea hoja hiyo, istilahi zinahitaji kunyooshwa, maana wanafunzi wa lugha hawawezi kusamehewa wakizivuruga. Kijachini ni ile nafasi iliyo chini ya eneo la matini ambamo huwekwa nambari ya ukurasa au maelezo mengine yanayojirudia. Dada yake aliye juu ni kijajuu. Kijachini si tanbihi. Tanbihi ni mali ya kauli fulani: kauli ikihamia ukurasa mwingine, tanbihi huifuata. Kijachini ni mali ya sehemu nzima na hakijali ni kauli ipi iliyo juu yake. Wanafunzi kadhaa huambiwa na wasimamizi "rekebisha vijachini" wakaenda kuzifumua tanbihi zao ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Istilahi iletayo taabu zaidi ni ile alama isiyoonekana ambayo huitenga sehemu moja na nyingine. Wapo wanaoiita mkato, lakini mkato katika sarufi ya shuleni ni alama ya uakifishaji inayojulikana na kila mtoto wa darasa la tatu. Wengine wamependekeza kikomo, bila kukumbuka kwamba kikomo nacho hutumiwa na walimu wengi kumaanisha nukta. Makala haya yanatumia mpaka wa sehemu. Neno mpaka halina deni kwa uakifishaji, na linaeleza vyema kinachotokea: upande huu sheria moja, upande ule sheria nyingine. Atakayepata neno bora na alilete.

Sasa, mashine yenyewe hufikirije? Katika Microsoft Word, ambayo ndiyo itumiwayo zaidi katika vyuo vya humu nchini, hati mpya huwa ni sehemu moja tu, iwe na ukurasa mmoja au elfu moja. Sehemu moja hufuata mfululizo mmoja wa nambari na mtindo mmoja wa kuziandika. Kosa la kwanza la wengi ni kudhani kwamba kuanzisha ukurasa mpya kunatosha. Hakutoshi. Mpaka wa ukurasa husukuma matini yaende ukurasa unaofuata, basi. Nchi ni ileile na sheria ni zilezile. Kinachohitajika baada ya kurasa tangulizi ni mpaka wa sehemu, ule wa aina inayoanzia ukurasa mpya, nao hupatikana katika menyu ya mpangilio wa ukurasa pamoja na mipaka mingine.

Mpaka ukishawekwa, mtego wa pili husubiri. Sehemu mpya huzaliwa ikiwa imeunganishwa na ile iliyoitangulia, na kijachini chake huwa ni kivuli cha kijachini cha kwanza. Mwanafunzi anapobadilisha nambari katika Sura ya Kwanza huku kiungo hicho kingali hai, kurasa za shukrani nazo hubadilika, naye huapa kwamba mashine imerogwa. Ni sharti aingie ndani ya kijachini cha sehemu ya pili na kukizima kitufe kinachokiunganisha na cha sehemu iliyotangulia, kwanza, kabla ya kuandika lolote. Na kwa kuwa kijajuu kina kiungo chake cha pekee, kukata kimoja hakukukati kingine. Aliyeweka kichwa cha sura juu ya kila ukurasa atalazimika kukata mara mbili.

Baada ya hapo yaliyobaki ni mepesi: kuchagua mtindo wa i, ii, iii kwa sehemu ya kwanza na 1, 2, 3 kwa ya pili, na kuiamuru ya pili ianze na 1 badala ya kuendeleza hesabu. Nambari ya ukurasa wa anwani huondolewa kwa kuchagua kwamba ukurasa wa kwanza wa sehemu uwe tofauti. Orodha ya yaliyomo, ikiwa imetengenezwa na mashine kutokana na vichwa, huzisoma nambari za kila sehemu kama zilivyo. Shukrani zitaonyeshwa kuwa ukurasa wa iv na Sura ya Kwanza kuwa ukurasa wa 1, bila mtu kuhesabu kwa kidole.

Lakini jambo linalowaliza watu zaidi ni la kufuta. Mtu angetarajia kwamba mpaka ukifutwa, sehemu ya chini ingemezwa na ile ya juu, kwa kuwa ya juu ndiyo iliyotangulia. Mambo huwa kinyume. Word huhifadhi sura ya sehemu, yaani vijachini vyake, ukubwa wa karatasi, na kama ukurasa umesimama au umelazwa, mwishoni mwa sehemu hiyo, ndani ya mpaka wenyewe. Ukiufuta mpaka umeifuta hifadhi hiyo, na matini yaliyokuwa juu yake huvaa mavazi ya sehemu iliyo chini. Ndiyo maana mwanafunzi anayebofya kibonyezo cha kufuta mara moja zaidi ya ilivyohitajika, pengine kwa nia ya kuondoa mstari mtupu baada ya orodha ya yaliyomo, huona kurasa zake zote za Kirumi zikigeuka 1, 2, 3 kwa mpigo. Hakubofya karibu na kijachini chochote. Hana sababu yoyote ya kushuku kwamba alama isiyoonekana ndiyo iliyokuwa imebeba kazi yake. Anayelijua hili hutendua kitendo chake papo hapo na kuendelea. Asiyelijua huanza kuhangaika upya na kila kijachini, na kila anachogusa huharibu kingine. Dawa ya kinga ni rahisi mno: kuziwasha alama zilizofichika ili mipaka ionekane kwenye kiwamba kabla ya kufuta chochote.

Mwanaisimu ana balaa la ziada. Jedwali la ngeli na upatanisho wa kisarufi mara nyingi halienei katika ukurasa uliosimama, hivyo ukurasa hulazwa. Kuulaza ukurasa mmoja kunahitaji mipaka miwili, mmoja kabla yake na mwingine baada yake, na tasnifu ya sehemu mbili sasa imekuwa na sehemu nne. Hapa busara ni kuacha kiungo cha vijachini kikiwa hai na hesabu ikiendelea, kwa sababu ni karatasi tu iliyogeuka. Aliyekariri kwamba "kila mpaka hukatwa kiungo na kuanzishwa na 1" atapata tasnifu yenye kurasa tatu tofauti zinazoitwa 1. Ndiyo sababu kukariri hatua hakutoshi. Ni lazima kuelewa.

Wanaotumia LibreOffice nao wasidhani wameepukana na haya. Programu hiyo huufikia mwisho uleule kwa njia nyingine: kila ukurasa hufuata mtindo wa ukurasa, na kila mtindo una kijachini chake. Mwandishi huunda mtindo wa kurasa tangulizi na mtindo wa sura, na mpaka wa ukurasa ndio unaoutaja mtindo unaofuata na nambari ya kuanzia. Neno sehemu lipo humo pia, ila lina maana nyingine kabisa, ya kipande cha matini ndani ya ukurasa. Istilahi moja, dhana mbili: mwanafunzi wa semantiki angepata hapa mfano mzuri wa kupeleka darasani.

Wapo wahadhiri watakaosema kwamba haya yote ni ya makatibu, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili alikuja chuoni kusoma fasihi na isimu. Rai hiyo ina historia yake. Enzi za taipureta, kila karatasi ilikuwa kitu cha peke yake. Mpiga chapa aliingiza karatasi, akapiga iv, akaitoa. Hakuna karatasi iliyojua habari za mwenzake. Msomi aliyeandika tasnifu yake kwa njia hiyo hakuwa na haja ya kujua lolote zaidi. Tarakilishi iliibadilisha kazi yenyewe. Hati sasa ni mwili mmoja, ukiugusa mkono mguu unasikia, na anayeugusa kila siku ni mwandishi.

Isitoshe, mgawanyo wa nambari haukubuniwa na makatibu. Ulitokana na uchapaji wa vitabu: matini ya kitabu yalipangwa kwanza, na dibaji, shukrani na yaliyomo yakaja mwishoni, kwa kuwa yaliyomo hayawezi kukamilika kabla ya kurasa za matini kujulikana. Kurasa hizo za mbele zikapewa hesabu yake ili zisiivuruge ile iliyokwisha kupangwa. Na kabla ya hapo, katika mapokeo ya hati za mikono za Kiarabu, mapokeo yaleyale ya uandishi yaliyoihifadhi sehemu kubwa ya tenzi za pwani, mwandishi alizoea kuandika chini ya ukurasa neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili karatasi zikitawanyika msomaji ajue ipi huifuata ipi. Mkono ulioandika matini ndio ulioandika pia neno hilo la chini.

Kuna pingamizi lenye uzito zaidi. Je, nambari za Kirumi zina faida gani leo, ambapo tasnifu nyingi husomwa kwenye kiwamba? Msomaji anayetaka ukurasa wa 1 huandika 1 katika kisanduku cha kutafutia na mara nyingi hutupwa kwenye ukurasa wa anwani, kwa sababu programu inahesabu kurasa za faili tangu mwanzo. Pingamizi hili ni la haki, na huenda siku moja vyuo vitaamua hesabu iwe moja tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini hata siku hiyo ikifika, ukurasa wa anwani utahitaji kunyamaza, jedwali pana litahitaji kulazwa, na viambatisho vitahitaji vijajuu vyake. Mipaka ya sehemu itabaki.

Wengine watasema dawa ni kiolezo: idara itengeneze faili yenye sehemu na vijachini tayari, mwanafunzi ajaze tu. Ni wazo zuri, na idara ambayo haina kiolezo inawadhulumu wanafunzi wake. Ila kiolezo nacho kina mipaka isiyoonekana, na kidole kinachoifuta hakijui kwamba ni kiolezo.

Linalosikitisha ni kwamba msamiati wa kuyafundisha haya kwa Kiswahili haukosekani. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux, ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihusika nao, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na Microsoft nayo ilitoa baadaye sura ya Kiswahili ya programu zake za ofisi. Hata hivyo, katika maabara za vyuo vya Kenya ni nadra kumwona mwanafunzi wa Kiswahili aliyeziwasha menyu hizo. Husoma nadharia ya uundaji wa istilahi asubuhi, akatahiniwa juu yake, kisha jioni akamuuliza mwenzake kwa Kiingereza namna ya kuweka nambari katika tasnifu ya Kiswahili. Istilahi huishi kwa kutumiwa kazini. Zile zinazobaki katika orodha hazina tofauti na kurasa zisizojalidiwa.

Kinachohitajika si kozi mpya, wala bajeti, wala kamati. Kozi ya mbinu za utafiti iko tayari katika kila idara, na ndani yake saa mbili zinaweza kutengwa, katika maabara na si katika ukumbi wa mihadhara, kabla mwanafunzi hajaandika hata Sura ya Kwanza. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuanza hata kabla ya idara kukubali. Jumamosi moja kwa muhula, wa mwaka wa nne wakiwafundisha wa mwaka wa tatu, kwa Kiswahili, kwa mashine chache zilizopo, wawili wawili kwenye kila kiwamba ikibidi. Zoezi lisiwe la kufuata hatua zilizoandikwa ubaoni. Kila jozi ipewe faili ya kurasa 15 ambayo mpaka wake wa sehemu umefutwa na kurasa zake zote zimegeuka 1, 2, 3. Iurejeshe mpaka, ikate kiungo, irudishe i, ii, iii mahali pake, kisha ilaze ukurasa wa 9 wenye jedwali la ngeli bila kuivuruga hesabu. Jozi itakayomaliza kwanza iwaeleze wenzake, kwa maneno yake yenyewe, kilichokuwa kimeharibika.